Mtoto wa Njombe anakwenda kula Krismasi Dar: mbu, joto, feni na ile safari yenyewe

"Shikamoo daktari. Tunaishi Njombe mjini, mtoto wetu wa kwanza ana mwaka mmoja na miezi saba na hajawahi kutoka nje ya mkoa. Wifi yangu anaishi Dar, Kimara, ametuita tukale Krismasi na mwaka mpya kwake, kama siku kumi na mbili hivi. Mama mkwe amekataa kabisa, anasema mtoto aliyezoea baridi akiingia Dar hali ya hewa inampiga malaria siku ileile, tusubiri afikishe miaka mitatu. Jirani kaniambia nimpe dawa ya mseto kabla ya safari imkinge, na piriton ili alale kwenye basi. Mume wangu anataka kuazima gari ya kaka yake, mimi naona basi, halafu kuna wanaosema tushukie Morogoro tupande treni ya umeme. Kwa wifi wanalala na feni usiku kucha, naogopa nimonia. Nimechanganyikiwa, nisaidie."

Marahaba mama. Maswali yako ni mengi lakini wasiwasi ni mmoja: je mtoto wa umri huu ataweza kuhimili Dar au mnakwenda kumtafutia ugonjwa. Jibu langu ni kwamba anaweza kwenda, sioni sababu ya kusubiri miaka mitatu kama mzima sasa hivi na chanjo zake zimekamilika. Ila mama mkwe usimcheke, kuna kitu amekiona miaka mingi na ni cha kweli kabisa, watoto wa Njombe wanarudi kutoka pwani wanaumwa. Amekosea sababu tu, na akikosea sababu anakosea na kinga.

Hali ya hewa haileti malaria. Joto lenyewe, jasho, upepo wa bahari, kubadilisha maji, hakuna hata kimoja hapo kinachoingiza malaria mwilini. Malaria inaingia kwa kuumwa na mbu jike wa anofelesi mwenye vimelea, na huyo anauma zaidi usiku, kuanzia jua linapozama mpaka alfajiri. Kwenu Njombe mko juu sana, baridi inamzuia mbu na inavichelewesha vimelea kukomaa ndani yake, ndiyo maana mkoa wenu ni kati ya mikoa yenye malaria kidogo kabisa nchini. Dar iko usawa wa bahari, kuna joto mchana na usiku, na Desemba mvua za vuli zinakuwa zimeacha madimbwi. Mwanao hajawahi kukutana na hivyo vimelea, mwili wake hauna mazoea navyo hata kidogo, kwa hiyo akiumwa na mbu mwenye malaria anaweza kuzidiwa haraka. Na nyie wazazi kama mmekulia huko huko juu mko kwenye kundi hilohilo, usidhani ni yeye peke yake.

Sasa sikiliza hapa maana ndipo wengi wanapopotea. Vimelea vikiingia mwilini vinakwenda kwanza kwenye ini, vinakaa vinazaliana, halafu ndiyo vinatoka kwenye damu na homa inaanza. Hiyo kazi haichukui chini ya siku saba, mara nyingi ni wiki moja mpaka mbili na wakati mwingine zaidi. Maana yake mtoto akipata homa siku ya pili ya kufika Kimara, hiyo siyo malaria ya Dar, ni kitu kingine, labda mafua aliyoyapata kwenye basi, labda sikio, labda ni joto tu na nguo nyingi. Na kinyume chake, mbu aliyemuuma tarehe 27 au 30 homa yake inaweza kutokea mkiwa mmesharudi Njombe, Januari, mmeshasahau habari za safari. Hili nitalirudia mwishoni.

Ushauri wa jirani wote sitaki uufuate. Mseto ni dawa ya kutibu malaria iliyothibitishwa kwa kipimo, haikai mwilini muda mrefu wa kumkinga mtu aliyetulia Dar siku kumi na mbili. Ukimpa kabla ya safari umemchosha mwanao bure, na ukimpa nusu dozi ndiyo mbaya zaidi, ikitokea kweli ana vimelea unavififisha tu havifi. Zipo dawa za kuzuia malaria kwa wasafiri, hizo zinapangwa na daktari kwa uzito wa mtoto, ukitaka kuzijadili nenda kliniki kabla ya safari, ila usijinunulie tu duka la dawa.

Piriton ya kumlaza mtoto jamani tuache. Ni dawa ya mzio, kulala ni athari yake tu, na watoto wadogo wengine inawafanya kinyume, anakuwa mkali, analia, anarukaruka masaa sita kwenye basi na nyie mnaangaliwa na abiria wote. Na kuna wanaokwenda mbali zaidi wanatoa prometazini ya maji, hiyo ni marufuku kabisa kwa mtoto chini ya miaka miwili kwa sababu inaweza kudhoofisha pumzi akiwa usingizini, na wewe kwenye giza la basi unafurahi amelala kumbe hapumui vizuri. Halafu ngoja nikwambie, hata sababu yenyewe haipo: watoto chini ya miaka miwili ni nadra kusumbuliwa na kichefuchefu cha gari. Kinachowatapisha mara nyingi ni kushindiliwa maziwa na uji dakika tano kabla ya kuanza kona. Mpe kidogo kidogo.

Feni. Hii nimeisikia kwa akina mama wengi sana, feni inaleta nimonia. Nimonia inaletwa na bakteria na virusi vinavyoingia kwenye mapafu, kwa kukoholewa, kwa kubusiwa na mjomba mwenye mafua, kwa moshi unaodhoofisha njia ya hewa. Upepo wa feni hauna vijidudu. Kwa Dar mimi ningekuambia feni iwake, isiwe inampiga moja kwa moja usoni usiku kucha, izungushe hewa tu, na faida ya ziada ni kwamba mbu hawezi kuruka vizuri kwenye upepo. Kama chumba kina kiyoyozi weka nyuzi 25 au 26, siyo 18 halafu mnamfunika blanketi.

Ninachoogopa mimi kuliko feni ni joto lenyewe, na hili mama mkwe hakulitaja. Mwili unajipooza kwa jasho kukauka kwenye ngozi. Dar mwezi wa kumi na mbili mchana ni nyuzi 31, 32 na hewa ina unyevu mwingi, jasho linatoka lakini halikauki, kwa hiyo haupoi. Mtoto ana ngozi kubwa ukilinganisha na uzito wake, anapokea joto la nje haraka, anatoa jasho kidogo kuliko wewe, na hawezi kusema nina kiu. Mwili unahitaji wiki moja mpaka mbili kuzoea, yaani nyie mtakuwa mnaondoka ndiyo kwanza anazoea. Kwa hiyo siku tatu nne za mwanzo mchukulie taratibu, saa tano mpaka saa kumi mchana awe ndani au kivulini, mwogeshe maji ya kawaida hata mara tatu kwa siku, mpe maji kila mara bila kusubiri alie, na kama bado ananyonya mnyonyeshe zaidi ya kawaida. Nguo ni pamba nyepesi. Najua suti ya Krismasi imeshanunuliwa, au ile gauni ya nailoni yenye tabaka tatu, avae aende nayo kanisani mpige picha halafu avuliwe.

Atatoka vipele vidogo shingoni, kifuani na mgongoni, karibu kila mtoto wa juu anavipata. Ni harara, vijitundu vya jasho vimeziba. Watu watakuambia upake vaseline, usipake, ndiyo unaziba zaidi. Wala usijaze poda maana anaivuta kwenye mapafu. Poza ngozi, ikauke, aache kuvaa nguo za kubana, vinaondoka vyenyewe. Vikianza kutoa usaha hapo mpeleke.

Tuje kwenye usafiri. Njombe hadi Dar ni kilomita kama 700, na kwa basi hesabu siku nzima. Treni ya umeme, yaani SGR, ni nzuri, Morogoro hadi Dar haifiki masaa mawili, imetulia, choo kipo, mtoto anatembea. Ingekuwa mnafikia mjini kati ningesema sawa. Lakini nyie mnakwenda Kimara. Ukishukia Msamvu, stendi ya mabasi ya Morogoro, utafute usafiri wa kwenda stesheni na mizigo na mtoto, mngoje treni, ikufikishe katikati ya mji halafu uanze kurudi tena Kimara kwenye foleni ya jioni, wakati basi lingekushusha stendi ya Magufuli pale Mbezi na Kimara ni hapo tu mbele. Kwa safari hii treni haikusaidii. Muiache, siku nyingine mkiwa na muda mpande Dar hadi Morogoro kutembea.

Basi au gari ya shemeji? Gari inawapa uhuru wa kusimama, na inakuruhusu kufunga kiti cha mtoto, na kwa mimi hicho kiti ndiyo hoja pekee ya maana ya kuchagua gari. Kama gari ipo lakini kiti hakipo, faida kubwa imeondoka. Kumpakata mtoto mapajani siyo kumkinga, gari ikisimama ghafla kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa hakuna mikono ya mama inayoweza kumzuia, na kumfunga pamoja na wewe kwenye mkanda mmoja ni hatari zaidi kwa sababu uzito wako wote unamkandamiza yeye. Viti vya mtumba vipo, angalia tu mikanda haijachanika na plastiki haina ufa, na akae akitazama nyuma kama kiti kinaruhusu. Swali la pili ni mumeo: ameshawahi kuendesha njia hiyo? Kushuka mlima Kitonga na malori mbele na nyuma, Krismasi, dereva mmoja, mtoto analia nyuma, siyo pa kujifunzia. Kama atakuwa peke yake kwenye usukani basi mgawanye siku mbili mlale Iringa, palepale kuna ubaridi mtoto atalala vizuri, asubuhi mshuke Kitonga mkiwa na nguvu.

Kama hayo mawili hayapo, yaani kiti na dereva aliyezoea, panda basi bila kujilaumu. Kata tiketi ya watu wawili lakini kama mfuko unaruhusu kata na ya mtoto, masaa kumi na mbili na mtoto wa kilo kumi na moja mapajani siyo mchezo. Kaa katikati ya basi, siyo kile kiti cha mbele nyuma ya kioo ambacho watu wanakigombania. Mabasi ya usiku yameruhusiwa tangu Oktoba 2023 na kuna wanaosifia eti mtoto analala, mimi kwa mtoto nachagua la alfajiri, madereva wanaona na ukipata shida njiani vituo vya afya viko wazi na watu wako macho. Jambo zuri mnakwenda kinyume na watu, wiki hiyo Dar inamwagika kwenda mikoani, kushuka nafasi zinapatikana. Kurudi Januari ndiyo angalia, usigongane na wanafunzi wa bweni.

Njiani kuna vitu viwili watu wanavisahau. Mtoto atatoka Njombe na sweta, soksi na kofia mzula, sawa kabisa, lakini mkishuka Kitonga mpaka Ruaha Mbuyuni tayari ni dunia nyingine, na mara nyingi ndipo mtoto kalala na mama hataki kumwamsha, anakaa na sweta mpaka Mikumi. Mvue hata kama ataamka. Kwenye mteremko huo masikio yanaziba, mnyonyeshe au mpe kikombe anywe, kumeza kunafungua. Na mkiingia hifadhi ya Mikumi ni kama kilomita 50 ambazo hamruhusiwi kushuka hovyo, kwa hiyo pampasi na chakula malizeni kabla. Mkirudi fanyeni kinyume, sweta iwe kwenye mkoba wa mkononi siyo buti ya basi, mkipanda kufika Ilula ataihitaji.

Kwa wifi sasa. Chandarua nenda nacho chako chenye dawa, usitegemee kukikuta kule. Familia nyingi za Dar wenyewe wamezoea feni na dawa ya kupuliza, na nyie Njombe pengine hamna hata chandarua kimoja nyumbani. Kichomekwe chini ya godoro, aingie kabla ya saa moja usiku kama inawezekana, na akicheza nje jioni avae mikono mirefu myepesi. Dawa ya kupaka ya kufukuza mbu inafaa umri wake ikiwa na DEET, ile kemikali inayofukuza mbu, isiyozidi asilimia 30, paka wewe kwa mkono wako, usimpake viganjani maana anavila. Zile dawa za mbu za kuwasha za mviringo zisifukizwe chumbani alimolala, moshi huo ni wa kikohozi. Kumbuka pia mchana kuna mbu mwingine, yule mwenye madoa meupe miguuni, anayeleta homa ya denge, Dar imeshapata milipuko yake 2014 na 2019. Kwa sababu hiyo mtoto akipata homa kule mpe parasetamo peke yake, miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo ya uzito, kila masaa sita, na siyo diklopa, siyo aspirini, siyo ibuprofeni mpaka apimwe, hizo zinaweza kuzidisha kutoka damu kama ni denge.

Halafu ndoo. Nasema hili kwa uzito kuliko yote niliyosema kuhusu mbu: nyumba za Dar zinahifadhi maji kwenye ndoo, madiaba na mapipa kwa sababu ya mgao, na mtoto wa mwaka na miezi saba kichwa ni kizito, akichungulia ndoo anatumbukia na hawezi kujitoa, na hapigi kelele. Siku ya kwanza tu, kabla hujafungua begi, zunguka nyumba na wifi yako mfunike kila chombo chenye maji na mlango wa bafu ufungwe. Angalia pia jiki na mafuta ya taa kwenye chupa za soda. Siku ya Krismasi yenyewe watu ishirini ndani ndiyo hatari zaidi kwa sababu kila mtu anadhani mwingine anamwangalia, kwa hiyo mpeane zamu kwa kutaja jina, saa hii baba, saa hii mimi.

Kutembea mji msijipangie mengi. Safari moja kwa siku inatosha, asubuhi au jioni. Ufukweni Coco au Kigamboni nendeni asubuhi mapema, sikukuu mchana pale watu wanajaa hata pa kupita hakuna, na mtoto kwenye maji awe anashikika kwa mkono wako muda wote hata kama maji ni ya kifundoni. Kijiji cha Makumbusho kina miti na kivuli, mchana wa jua kali kaeni Mlimani City kwenye ubaridi hata kama hamnunui kitu. Kariakoo wiki ya Krismasi muache mtoto kwa wifi, hapo sina mjadala. Mwendokasi ya Kimara ile ya asubuhi na jioni mnavyoiona kwenye picha ndivyo ilivyo, pandeni saa ambazo watu wamepungua. Muandikie namba ya simu ya mumeo mkononi kwa peni ya maki, ndani ya nguo siyo juu ya shati. Na shangazi wakigombania kumbeba akalia msiseme anaringa, umri wake ni wa kuogopa sura mpya, abebwe ukiwa unaonekana.

Tumbo: maji ya kunywa yachemshwe au ya chupa, barafu na juisi za barabarani hapana, maziwa yaliyochemshwa yakikaa nje nusu siku Dar yameharibika hata kama hayanuki. Beba ORS na vidonge vya zinki. Akiharisha mpe ORS mililita 50 hadi 100 kila baada ya choo, kwa kijiko, na zinki miligramu 20 kwa siku kwa siku 10 mpaka 14 hata kama kuharisha kumekoma. Soma pakiti kama ni ya lita moja au nusu lita, wengi wanakosea hapo.

Wiki hii kabla ya yote toa kadi ya kliniki uangalie kama amepata surua rubela ya pili, ile ya miezi 18, maana wengi wanaisahau, na hapo mtoto akipimwa uzito muulize nesi dozi ya parasetamo yake uiandike. Kadi hiyo muende nayo, na ya bima kama anayo. Ikiwa sasa hivi ana kikohozi kinachomfanya apumue haraka, au ana selimundu, ugonjwa wa moyo, au alishapata degedege, usiondoke bila kuonana na daktari ana kwa ana, hapo mimi kwa maandishi sitoshi. Na mkiwa Dar, akishindwa kunyonya au kunywa, akatapika kila kitu, akapata degedege, akalegea haamki vizuri au anapumua kwa shida, hakuna kusubiri asubuhi, kwa aliye Kimara hospitali kubwa za serikali upande huo ni Mloganzila kule Kibamba na Mwananyamala, muulizeni wifi mapema zahanati ya karibu inayofanya kazi usiku, na namba 199 ya Wizara ya Afya ni bure kupiga kwa ushauri.

Narudi kwenye Januari kama nilivyoahidi. Mkifika Njombe, kwa mwezi mzima homa yoyote ya huyo mtoto, au yenu, ni malaria mpaka kipimo kiseme siyo, na apimwe siku hiyohiyo, siyo baada ya kumaliza dawa ya mafua. Tatizo la vituo vya huko kwenu ni kwamba mgonjwa wa malaria wanamuona mara chache, mhudumu akiona mtoto wa Njombe ana homa anafikiria kifua au UTI na hana kosa. Kwa hiyo ukifika mapokezi sema mwenyewe bila kuulizwa, tulikuwa Dar Krismasi, naomba apimwe malaria, na kipimo cha kwanza kikisema hana lakini homa ikaendelea, rudi kesho yake apimwe tena.